Ngazi za Wanasesere na Bakuli la Dagaa

Harufu ya mbegu za haradali zikipasuka katika mafuta ya moto iliruka uzio wa mbao ikaingia jikoni kwetu, mtaani Ingleburn, huku ugenini, kabla sijavua hata sare ya shule. Hapo nilijua Anti ameanza kupika dengu za sikukuu. Tulikuwa tumetoka Uvira kwa kupitia kambi ya wakimbizi. Baba alishinda bandarini Port Botany akiendesha lori, na mama, aliyezoea kuongea na mtaa mzima tangu alfajiri, hakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba leo kuna baridi. Anti, Mtamil kutoka India, jirani yetu wa uzio huo, ndiye pekee aliyewahi kutubishia hodi. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, nami wa miaka minane nikawa mkalimani, lakini walicheka sana. Mama alipenda kusema, afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, kisha akaongeza kwamba Biblia haidanganyi. Hakuwa na rafiki mwingine katika nchi hii nzima.

Sikukuu hiyo, katika majira ya machipuo, Anti alitualika kuona wanasesere wake. Alikuwa amepanga masanduku na mabegi ya safari mfano wa ngazi, akayafunika shuka jeupe, na juu yake walisimama miungu na wafalme wa udongo, urithi wa bibi yake, pua zao zimebanduka rangi. Ngazi ya chini kabisa aliweka koala wa plastiki, mnyama wa nchi hii, na treni ya mwanawe, kwa kuwa, alisema, ulimwengu wote umealikwa. Mama alisimama mlangoni akinong'ona, "Damu ya Yesu." Ni mlokole, na kwake sanamu ni sanamu. Lakini Anti alitukalisha watoto mkekani akaanza kutusimulia, mwanasesere mmoja baada ya mwingine. Alituonyesha mungu wa kike juu ya simba, aliyeliua jitu lenye kichwa cha nyati. Jitu hilo lilikuwa limeomba kinga dhidi ya wanaume wote, likawasahau wanawake. Nilipomtafsiria mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha Anti akagusa samaki mdogo mwenye taji, akaeleza jinsi alivyomwonya mtu mwema kuhusu gharika, akaivuta mashua yake hadi pakavu. Mama akapiga kofi. "Eh! Ule ni Nuhu! Mwambie, ule tunamujua!" Anti alimshika mkono, wakacheka pamoja. Tuliondoka na bakuli la dengu zenye nazi.

Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mama aliwaza sana atalijaza nini. Samaki ameketi pamoja na miungu yao, alisema, basi watu hawa wanamheshimu samaki, tuwapelekee samaki. Akatoa kwenye friza dagaa wa Tanganyika aliokuwa akiwatunza kwa ajili ya Krismasi, akawapika kwa mawese na nyanya, akavaa kitenge chake kizuri, tukaenda sikukuu yao ikiwa bado haijaisha. Anti alifunua bakuli pale pale mlangoni. Uso wake ulibadilika, akageuka kumtazama mama mkwe wake nyuma yake, akasema asante, asante, lakini hakutukaribisha ndani. Jioni, mama akianua nguo, aliliona bakuli lile uani kwao kando ya bomba, ndege wakidonoa dagaa. Alianua nguo zote, akaingia ndani, akalia akiwa amesimama. "Chakula yetu inawatia kinyaa," alisema. Kesho yake Anti alikuja na maua, akagonga kwa muda mrefu. Mama alizima redio akanikataza kufungua. Anti alikuja tena, na tena, halafu akaacha. Kabla mwaka haujaisha familia yake ilihama.

Sasa mimi ni muuguzi hospitalini Campbelltown. Juzijuzi mwenzangu wa zamu, Mtamil pia, alinialika kwake kwa sikukuu hiyo hiyo, akanionya kwa utani nisije na hata yai, maana kwao siku hizo nyama na samaki havivuki kizingiti. Niliwakumbuka dagaa wa mama. Binti yangu, anayenijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula, ana marafiki wa kila dini, na kabla hajaenda kucheza kwao wazazi huuliza kwanza anakula nini, asichokula ni nini. Sisi tulikuwa na ukarimu mwingi lakini hatukujua kuuliza. Inaniuma, kwa sababu baada ya Anti mama hakumzoea jirani mwingine yeyote.

Nilimweleza mama jioni ile ile. Alivuta vuta pindo la kitenge chake.

"Kumbe hakunizarau?"

"Hapana, mama. Hata ungempelekea kuku angemweka nje."

"Na vile alikuwa anagonga, alitaka kunieleza." Alifuta macho kwa kiganja. "Basi mutafute. Ile simu yako inajua watu wote. Andika jina yake, nimuombe musamaha."

Nilifungua simu, kidole kikabaki hewani. Mama naye akanitazama, akafumbua mdomo kunisaidia, akaufunga. Tulikuwa tukimwita Anti, na hatukuwahi kumuuliza jina.