Rangi ya Kisesi

Hadi leo nikiiona ile ramani ya mji wanayochorewa watoto darasani, damu hunichemka. Katikati maduka, kisha karakana, kisha nyumba, kisha mashamba, na mwisho kabisa ardhi tupu. Niliifundisha miaka ya sabini, shule moja karibu na Tawa, na niliiamini kuliko macho yangu.

Novemba moja, mvua imekolea, niliwapandisha wanafunzi kilimani tuchore soko letu. Lilionekana lote: maduka ya mabati, mashine ya kusaga posho, nyumba za walimu, mashamba ya mbaazi. Nyuma ya mbaazi kulikuwa na kisesi cha mama yangu, mjane. Kisesi ni malisho yaliyozungushiwa miiba. Mkamba haingizi ng'ombe humo mvua ikinyesha, ili nyasi zikaukie palepale na kuwaokoa kiangazi. Mimi mwenyewe nilichunga humo utotoni! Lakini siku hiyo hakikuwa na ng'ombe hata mmoja, na kitabu cha kufundishia hakikuwa na rangi ya malisho yanayopumzishwa. Nikakipaka manjano. Tupu.

Ramani ilipendeza, nami kwa majivuno nikaitundika ofisini. Afisa aliyekuja kupanua soko akaiona, akanisifu, akaiomba. Nikampa kwa mikono miwili. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Kwenye baraza la chifu aliikunjua mbele ya watu.

"Wazee, hatuchukui shamba ya mtu. Tunachukua tu hii haitumiki. Hata mwalimu wenu ameonyesha."

Kidole chake kilikuwa juu ya manjano. Nilimchukia mtu yule. Angetembea hatua mia mbili tu angeiona miiba iliyofungwa mlangoni, lakini alikuwa mvivu. Hata hivyo, yeye alikuwa mgeni. Mimi je? Nilijichukia zaidi.

Mama alisimama. Siku zote aliniita mwanawe, kwa Kikamba. Siku hiyo alitumia Kiswahili ili afisa asikie.

"Mwalimu," aliniambia, "ile ng'ombe tuliuza ndio usome, ilikuwa inakula wapi?"

Afisa akakunja ramani yake.

Kiangazi kilipofika, kisesi kilikuwa kimepigwa vigingi vya soko kote. Mama akanitumia ujumbe: nije na kisu, nimsaidie kuchuna ngozi ya ng'ombe.