Shingo ya Mama Msimu wa Ndengu

Kati ya picha za mahafali yangu kuna moja iliyopigwa kutoka nyuma. Mama ameinama kunifunga kamba ya kiatu na kola ya gauni lake imeshuka. Shingo yake kwa nyuma ni nyeusi kuliko mikono, nene, yenye mistari kama tope lililokauka. Alipoiona kwenye simu alicheka. "Hii ni shingo ama ni sufuria ya muthokoi?" Tukacheka sote, maana sufuria ya kupikia mahindi hayo ya kukoboa huwa nyeusi kwa masizi. Lakini Jumapili iliyofuata alijifunga leso shingoni kwenda kanisani, na joto lote lile. Mimi ni mtu wa kuona kitu kama hicho na kukibeba wiki nzima.

Miezi michache baadaye dada yangu mdogo alipata mchumba, na nyumbani kwetu Kalamba tukaanza kujiandaa kwa ntheo, siku ambayo upande wa mwanamume huleta mbuzi na binti huhesabiwa kuwa ameolewa. Mama angekaa mbele ya wageni. Picha zingepigwa. Nilikuwa nimeenda mjini Mwingi kwa mahojiano ya kazi ambayo sikuipata, na karibu na steji nikamkuta mwanamke anauza mafuta katika chupa zisizo na maandishi.

"Hii inatoa ngozi imekufa," aliniambia. "Shingo, viwiko, magoti. Siku tano tu."

Nilinunua. Nina shahada ya biolojia, na alichosema hakikuwa uongo: tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa. Nilimrudia mama maneno yale yale, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Kama imekufa, inangoja nini kwa shingo yangu?" akasema. "Toa, Mwaitu." Huniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Nilimpaka siku tano mfululizo, kila jioni kabla ya chakula. Siku ya tatu ngozi ilianza kubanduka vipande vipande. Siku ya tano shingo ilikuwa laini, rangi ya chai ya maziwa, na dada akapiga makofi.

Siku ya sita tuliingia shambani. Ndengu zikishakauka hazingoji. Ukichelewa, maganda hupasuka na punje kumwagika chini. Mmea wenyewe hufika gotini tu, kwa hiyo mvunaji huinama tangu asubuhi, uso kwenye majani. Mama hufunga kitambaa kichwani, lakini akiinama shingo hubaki wazi, na jua la Februari huipata pale pale. Amevuna hivyo tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nyuma yake, na ilipofika saa nne nikaiona ile shingo mpya ikianza kung'aa.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokuwa nimesoma kwa ajili ya mtihani. Ngozi inayopigwa na jua kila msimu huongeza unene wake wa juu. Zile seli zilizokufa hulala moja juu ya nyingine na kupunguza miale isiyoonekana, ile inayoitwa urujuanimno, kabla haijafika chini. Chini yake seli hai hukusanya chembe nyeusi za melanini juu ya viini vyao, kama mtu anayejifunika sinia mvua ikinyesha. Mama alikuwa ameijenga ngozi ile kwa misimu mingi. Mimi nilikuwa nimeibandua kwa siku tano.

"Mama, twende nyumbani."

"Saa hii? Hata gunia moja halijajaa."

"Shingo yako inachomeka."

"Hili jua nimezaliwa nalo."

Nilivua sweta nikamtandikia shingoni. Akainama, ikaanguka. Nikamtandikia tena. Ikaanguka.

"Mwaitu, unavuna ndengu ama unavuna mimi?"

Asubuhi iliyofuata hakuweza kugeuza kichwa. Shingo ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge. Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu kila kitu kibaya kinachoweza kutokea kwa ngozi, na neno saratani lilikuwa limekaa kichwani mwangu kama mgeni asiyeaga. Nikampeleka zahanati.

Daktari, kijana asiyenizidi umri sana, alimtazama shingo kwa muda mrefu. "Nani alikupaka hii kitu?"

Niliinama kutazama viatu vyangu.

"Nilijipaka mwenyewe," mama akasema.

Daktari aliangalia mahali palipopakwa, katikati kabisa, hadi chini karibu na mgongo. Halafu akaniangalia mimi. Aliandika dawa ya kupaka, akaagiza mafuta yale yatupwe na shingo isipigwe na jua mpaka ngozi irudi.

"Na saratani?" nikauliza.

"Daktari, mtibu huyu kwanza," mama akasema.

Daktari akacheka, kisha akanijibu. Ameungua, alisema, na kuungua huku kutapona. Kidonda kikikataa kufunga, turudi. Nilimuuliza kuhusu madhara ambayo macho hayaoni, akasema hayo hakuna anayeweza kuniahidi. Nilitamani angedanganya.

Dada na mimi tulimaliza shamba. Mama alikaa kivulini akipepeta na kutupigia kelele kwamba tunaacha ndengu nyuma. Kila asubuhi nilipiga picha ya shingo yake na kuilinganisha na ya jana. Siku ya ntheo, mbuzi wakiwa tayari wanasikika njiani, aliniita chumbani akanigeuzia mgongo.

"Imefunga?"

"Imefunga."

"Imeanza kuwa nyeusi?"

"Pembeni. Katikati bado."

"Itafika," akasema, akajifunga leso mara mbili na kutoka kuwapokea wageni. Nilitaka kumwambia kuhusu lile jibu lake pale zahanati. Mpaka leo sijasema.

Msimu uliofuata nilimshonea kofia yenye kipande cha shuka nyuma, na huivaa akilalamika kwamba anafanana na mrina asali. Shingo imerudi kuwa nyeusi, nene, karibu kama kwenye ile picha. Imebaki sehemu moja iliyofifia, ndogo kama punje ya ndengu. Tukivuna bado nachagua mstari wa nyuma yake, na upepo ukiinua kile kitambaa, natazama.