Kapu la Bi Zuhura

Juzi sokoni nilinusa ukindu mpya, nikakumbuka alasiri moja ya Kwihara.

Kila Jumamosi mama alipanga chakula cha wiki nzima kwa sauti: maharage, mchicha, dagaa wa Kigoma. Safari hiyo kapu letu lilikuwa limetoboka, na jirani yetu Mwislamu, Bi Zuhura, akatuazima lake, alilolisuka mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani kutoka sokoni tulimkuta shangazi amefika kutoka Kipalapala na nyama ya nguruwe iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Mimi, kwa kuogopa paka, niliificha ndani ya lile kapu.

Mama alipoona damu imelowesha ukindu, alishika kichwa. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alinishika mkono, tukaenda na lile kapu.

Nyumba ya Bi Zuhura ilinukia udi. Mama alisimama nje ya mlango.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Mtoto ametia nyama ya nguruwe kwenye kapu lako."

Bi Zuhura alilitazama lile kapu mpaka nikasikia kuku wakiparua uani.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Basi, mwanangu, hilo sasa ni lenu."

Nilirukaruka kwa furaha. Mama alilia, nikadhani zawadi imemgusa.

Jumamosi iliyofuata tulikutana na Bi Zuhura akitoka sokoni, vitunguu vyake amevifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwinulia kapu letu jipya, alione.