Dole Gumba la Wifi Yangu

Wifi yangu Lightness ana vidole saba, na ukimwonea huruma utajuta. Binti mmoja wa gengeni alimwambia, "Pole mama, sasa utamenyaje vitunguu?" Akajibiwa, "Vitunguu vinaogopa kisu, mwanangu, haviogopi vidole. Nipimie nusu kilo, na usiniwekee vilivyooza."

Mimi ni mke wa kaka yake, Gerald. Miaka kumi na minane tumenuniana na kutaniana kama mawifi wanavyopaswa, kwa hiyo nikimsifu humu ndani mjue nimelazimika.

Baba yao alikuwa mtu wa mkonge. Babu alitoka Songea kuja kukata mkonge huku Kilosa, akazaa huku na akazikwa huku. Baba akapandishwa kazi, akawekwa kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Korona haitofautishi jani na mtu. Ikaondoka na mkono wake wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Wenye shamba wakamletea blanketi, debe la unga na taa ya chemli, wakampaka wino kwenye dole la mkono uliobaki, naye akabonyeza karatasi yao ya kutodai. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akisema, "Wale watu walikuwa na utu, waliniletea taa."

Lightness alisoma mpaka darasa la saba kwa taa ile. Aliwahi kuniambia kwamba kila akiiwasha alikuwa anajiuliza, yaani mkono mzima wa baba ndio unatoa mwanga hafifu namna hii?

Alipofiwa na mume akabaki na watoto wawili na nusu eka ya mpunga kule Tindiga. Nusu eka inalisha, haisomeshi. Akaja kwetu Mikumi, akapata kibarua kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza nondo. Jina la kiwanda silitaji, wenyewe wanajijua. Barabara kuu yetu hii inaua malori, na lori likifa mifupa yake huishia mahali kama pale: springi, rimu, chesisi, shokapu.

Shokapu ndizo zilikuwa kazi yake. Ndani ya shokapu kuna mafuta na hewa vilivyofungiwa, na ukiitupa tanurini ikiwa nzima inapasuka kama bomu. Lazima itobolewe kwanza. Lightness alikuwa anachambua rundo, anazitoa, anazipeleka kwa mwenye drili. Alikuwa anavigonga vyuma na kuvisikiliza kama mtu anayenunua tikiti maji. Miaka minne hakupitisha hata kimoja kibaya.

Kisha drili ikafa. Siku ya kwanza wakasema fundi anakuja, siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu msimamizi akasema tanuri haliwezi kukaa na njaa, tupieni hivyo hivyo. Lightness akamwambia, "Kaka, hizi zitatuua." Akajibiwa, "Mama, kama unaogopa moto nenda kauze maandazi." Mtupiaji hakuja siku hiyo, basi akasukumwa yeye kwenye mdomo wa tanuri, mkononi ana glavu za kitambaa zilizotoboka. Shokapu ya nne ikapasuka. Chuma cha moto kikaruka. Mkono wa kulia ukapoteza dole gumba, kidole cha shahada na cha kati.

Wiki ya pili gari la kiwanda likaja nyumbani kwetu. Akashuka Goodluck, afisa utumishi, kijana msafi anayenukia sabuni, na gunia la mchele, sukari, na mafuta ya kula. "Shikamoo mama. Tumekuja kumpa mgonjwa pole. Fomu za fidia zinashughulikiwa."

Sasa pole kwetu hairudishwi. Ukirudisha pole ya mtu umetangaza vita. Tukapokea, tukashukuru, na mimi mwenyewe mjinga nikamfungia embe kwenye mfuko.

Mwezi wa tano tangu ajali wakaja tena. Gunia, sukari, mafuta. "Fomu ziko makao makuu, mama."

Wakati wote huo Lightness alikuwa na tabia mpya. Kila nikimaliza kupika anaokota kipande cha mkaa kwa mkono wa kushoto, anazunguka nyuma ya jiko na kuchora ukutani. Mistari, vijiti, vitu kama kuku aliyelewa kapita. Nikamwambia, "Wifi, umeanza chekechea?" Akasema, "Nimeanza. Usinifutie."

Aliyetufumbua macho ni Joyce, muuguzi aliyekuwa anamsafisha kidonda. Mwezi wa kumi tangu ajali alimwuliza, "Mama, mwajiri wako alishatoa taarifa ya ajali kwenye mfuko wa fidia? Maana dai lina mwaka mmoja. Mwaka ukikatika, umelala."

Lightness alitoka pale akaenda moja kwa moja mpaka getini kiwandani, akaomba fomu. Mlinzi akampigia Goodluck simu. Goodluck akasema ndani ya simu, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, kwamba yule hakuwa mfanyakazi, alikuwa kibarua wa kupita tu, kumbukumbu zake hazipo.

Alirudi nyumbani anacheka. Nikajua kuna mtu ataumia.

"Wifi," akaniambia, "kumbukumbu hazipo ila mchele upo. Mtu wa kupita tu ndiye wanamletea magunia mawili?"

"Sasa mchele utauonyesha wapi? Tumeshaula."

"Watakuja tena. Nimewatia wasiwasi. Na safari hii watakuja na wino."

Wakaja kweli, zikiwa zimebaki siku kumi na tisa mwaka utimie. Gunia lilikuwa kubwa kuliko yote. Goodluck akatoa bahasha iliyofungwa, karatasi mbili zenye nembo na muhuri wa kiwanda, na kikopo cha wino. "Mama, ni kawaida tu, ya kuonyesha tumekuletea pole. Nakala yako, nakala yetu. Unaweka dole hapa."

Lightness akanigeukia. "Wifi, bandika sufuria kubwa."

"Kubwa ipi?"

"Ile ya msibani. Gunia lote."

"Mama," Goodluck akasema, "mimi nina haraka, naomba tumalize hili kwanza."

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi? Pole huliwa kwanza, na hailiwi na mtu mmoja. Kaa."

Nikatuma watoto mtaa mzima. Wakaja majirani, mafundi wa gereji, akina mama wa vitunguu vya barabarani, na Mzee Nikolaus, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kwa wali huwa hachelewi. Dereva wa kiwanda akavua viatu, akakaa mkekani kabisa. Goodluck akapewa kiti na sahani iliyojaa. Alikula kama anayemeza vidonge.

Wali ulipofika katikati, Lightness akasimama. "Jamani, mnachokula ni pole kutoka kiwandani. Na pole huwa inatangazwa. Mwenyekiti, tusomee karatasi ya wageni."

"Haina haja, mama!" Goodluck akanyanyuka na sahani yake.

"Kuna siri kwenye pole?" Mzee Nikolaus akauliza, na alikuwa hatanii. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya mikutano ya hadhara. Kwamba Lightness Ditram, mchambuzi wa vyuma, tarehe fulani, akiwa kazini kwenye tanuri la kiwanda, aliumia mkono kwa uzembe wake mwenyewe. Kwamba amepokea mchele, sukari, mafuta na bahasha. Kwamba ameridhika na hana dai lolote, sasa na baadaye.



"Uzembe wake?" akasema mmoja wa mafundi wa gereji. "Shokapu nzima kwenye moto? Hata kichaa hatupii."

"Rudia pale pa tarehe, Mwenyekiti," Lightness akasema.

Akarudia. Jina, tarehe, akiwa kazini, muhuri. Mimi simu ilikuwa mkononi, nikapiga picha mbele na nyuma, na Goodluck na kijiko chake nikamtia humo humo.

"Asante. Kwa hiyo leo nimekuwa mfanyakazi," Lightness akasema. "Juzi nilikuwa mpita njia."

Goodluck akajikaza. Akafungua kikopo cha wino, akakisogeza. "Mama, pole umeshaipokea na watu wameila. Sasa kwa heshima, dole."

Lightness akaunyoosha mkono wa kulia juu ya kile kikopo, ule wenye vidole viwili, akauacha hapo.

"Dole gumba mnalo ninyi," akasema. "Liko kwenye nondo zenu. Nenda ukalitafute mlikoziuza, ulibonyeze hapo."

"Kuna la kushoto, mama," Goodluck akasema, na naamini kabisa alijuta kabla hajamaliza.

"La kushoto?" Hapo wifi yangu akapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu aumie. "Baba yangu alipelekewa wino hivyo hivyo! Walichukua mkono mmoja, wakaja kuazima dole la wa pili! Nakala yangu nimeipokea, asante. Ya kwenu rudi nayo ilivyo. Na bahasha yako hiyo, haijafunguliwa. Wali umekula na wewe, kwa hiyo hatudaiani."

Dereva alikuwa ameshavaa viatu. Alimwamkia Lightness mara ya pili wakati wa kuondoka, shikamoo ya pili kwa siku moja. Bosi wake alisahau ya kuagia.

Kesho yake tulipanda basi la alfajiri kwenda Morogoro, ofisi ya kazi. Afisa, mwanamke wa makamo kama sisi, akasoma ile karatasi mara mbili. "Hii wamekupa wenyewe?"

"Wenyewe, na wali juu."

Akaguna, akavuta fomu, akawa anauliza na kuandika. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mwisho akamgeuzia Lightness ukurasa, akauona mkono, akavuta kikopo cha wino kwa upole. "Utaweka dole tu, mama."

"Naomba kalamu."

Akaishika kwa mkono wa kushoto. Akaanza. L yake ilikuwa imelala, G ikakaa kama mtu anayeumwa mgongo, lakini nilizitambua zote. Zilikuwa ukutani nyuma ya jiko langu miezi kumi na moja, nami nikiziita kuku aliyelewa.

"Mama, fanya haraka kidogo, kuna foleni," mtu akasema huko nyuma.

"Foleni isubiri," Lightness akasema bila kuinua kichwa. "Bado jina la baba."

Akaliandika lote, Ditram, na m yake ikapitiliza mstari.

Wiki iliyofuata gari la kiwanda likaegesha tena nje kwetu. Goodluck akashuka peke yake, bahasha ya khaki kwapani, jasho usoni, na barua ya ofisi ya kazi imechungulia mfukoni. Lightness alikuwa ugani anapeta mpunga wake wa Tindiga, ungo ukiwa umeegemea kwenye vile vidole viwili, na wala haukutikisika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo hukuja na mchele?"

"Leo nimeleta fomu ya mwajiri. Imejazwa. Nimekuja uione kabla sijaipeleka."

"Basi karibu," akasema. "Mchele ninao. Wifi, mletee kiti, halafu nipe miwani yako niisome yote."