Tuktuk Mpya na Baraza ya Baba

Tuktuk ya zamani niliiuza mimi mwenyewe, kwa ukaidi wangu. Nasema hivyo mapema, nisije nikashikwa na tamaa ya kumsingizia fundi.

Ilikuwa imenilisha miaka kumi na mmoja. Nilibeba wageni kutoka Ngome ya Yesu, nilibeba wenyeji na vikapu vyao vya sokoni, na Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nilimbeba baba kwenda hospitali kusafishwa damu. Sukari ilimkata mguu kwanza, kisha ikamuua figo, na safari hizo tatu za wiki ndizo zilizokuwa uhai wake. Akikosa moja alivimba uso. Akikosa mbili, daktari alituambia bila kuzunguka, tusitarajie ya tatu.

Mwaka huo tuktuk ikaanza kuzima. Siku moja ilizima Makadara, jua la utosi, baba yumo nyuma na kiti chake cha magurudumu kimekunjwa kwenye mapaja. Nilishuka nikaipiga teke mbele za watu. Tulipofika, mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Tukarudi nyumbani hivyo hivyo, na kesho yake kiatu hakikumwingia.

Fundi wangu aliifungua injini akaichungulia kwa muda mrefu. "Yatengenezeka," akasema. "N'takubadilishia pistoni na ringi, itakwenda mwaka, pengine miwili. Lakini usije ukanishika shati ikikuzimia ndiani."

Mke wangu akasema nitengeneze. Baba naye, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingilia kazi yangu, akaniita barazani. Baraza yetu ilikuwa pana kuliko zote za uchochoro, ya mawe na chokaa, upande wa kulia wa mlango, na yeye alikuwa akikaa hapo tangu sijazaliwa. Hata baada ya mguu kukatwa alitaka apakatwe awekwe hapo kila alasiri, kahawa mkononi, asalimiane na wapitao.

"Tuktuk hino yaujua mlango wetu, mwanangu," akaniambia. "Usiiuze."

Nilimjibu kwa ukali kwamba ninayesukuma ni mimi, si yeye. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyopata kumwambia.

Nikamuuzia mtu mmoja wa Likoni. Mpya niliyoipenda ilikuwa pana, yenye nafasi ya kuingiza kiti cha magurudumu bila kukikunja. Usidhani nilinunua kama mjinga. Nilichukua futi nikapima uchochoro wetu, ukuta kwa ukuta, nikaandika kwenye karatasi, nikaenda nayo dukani. Ilitosha, na nafasi ya kubaki ikawepo. Lakini mtu wa mtaa wetu wa Kibokoni ukimuuliza upana wa uchochoro wake atakutajia ukuta kwa ukuta. Baraza haitiwi hesabuni, kwa sababu kwake yeye baraza si njia, ni nyumba. Kwa miaka kumi na mmoja niliipitisha tuktuk ya zamani ubavuni mwa baraza ile kwa mazoea, mkono wenyewe ukikata usukani, na siku ya kupima sikuiona.

Niliingia na tuktuk mpya nikipiga honi ili baba asikie. Ikakwama kwenye pembe ya baraza, kwa shubiri moja tu. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, nikaichubua rangi. Baba alikuwa amekaa pale pale, ameshika kikombe.

Nilimpigia simu yule mtu wa Likoni aliyenunua ile ya zamani. Alikuwa ameitaka kwa ajili ya vipuri, na alikuwa ameshaifungua.

Basi tuktuk mpya ikawa inalala mdomoni mwa uchochoro, na baba ikawa lazima apakatwe hadi huko. Kiti cha magurudumu hakikufaa kitu, mawe ya uchochoro wetu yalimrusha akalia kwa maumivu. Nikambeba mikononi. Kutoka mlangoni petu hadi barabarani kuna baraza saba, na asubuhi kila moja ina watu wake. Kwetu hupiti barazani bila kusalimiana, na wao hawakuweza kunyamaza, kwani kunyamaza kungekuwa tusi kubwa zaidi.

"Sabalkheri, mzee. Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi," baba akajibu, shingo imeniegemea kifuani, mguu mmoja unaning'inia. Alijibu mara saba kwenda na mara saba kurudi. Mtu huyu alikuwa imamu wa msikiti wa mtaa kabla ya kuugua, na nusu ya wale waliokuwa wakimsalimu aliwafunza Kurani. Wiki ya pili alianza kujifunika kilemba usoni nikimtoa, lakini akisalimiwa bado alijibu.

Siku ya kumi na tano, nilipomweka juu ya kitanda, aliniambia, "Ivunje."

Nilijifanya sikuelewa.

"Baraza. Ivunje, tuktuk ifike mlangoni. N'mechoka kupitishwa mbele za watu kama mtoto mchanga."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuiuza ile mpya kwa hasara nitafute nyembamba. Niliyafikiria yote hayo, na jibu la kweli ni kwamba sikutaka mtaa uone kwamba nilikosea. Nikaleta fundi wa ujenzi na nyundo. Mawe yale yalikuwa magumu, kazi ikachukua siku mbili, na baba alikuwa ndani akisikiliza kila pigo. Jirani wa mkabala aliingia kwake akafunga dirisha.

Tuktuk ikafika mlangoni. Nilimtoa ndani kwa kiti chake, nikamketisha kiti cha nyuma, nikafunga pazia. Hakuna aliyemwona. Tulikwenda hivyo safari nane, na injini haikuzima hata mara moja. Alasiri alibaki chumbani, akigeukia ukutani. Nilimwambia nitamtolea kiti cha plastiki mlangoni, akasema atakaa siku nyingine. Baada ya ile safari ya nane moyo wake ulisimama, nyumbani, kabla ya adhuhuri.

Jeneza lilitoka mabegani mwa watu. Tuktuk niliitoa mwenyewe ili lipate kupita.

Waliporudi kutoka makaburini wanaume walijaa uchochoroni kwa taazia. Walikaa kwenye baraza za majirani, wengine wakasimama. Rafiki mkubwa wa baba, aliyekunywa naye kahawa miaka yote, alikuja akijisemea dua, akageuza mgongo upande wa kulia wa mlango wetu, akashusha mkono nyuma kutafuta mahali pa kukaa, akaanza kujishusha. Tulimdaka hajafika chini.

Nilikimbilia mdomoni mwa uchochoro, nikang'oa kiti cha nyuma cha tuktuk, nikakileta nikakiweka pale ilipokuwa baraza. Kilikuwa kipya, kinang'aa, nailoni ya dukani haijatoka kwenye pembe.

Mzee akakitazama. "Alikuwa akikaa kwenye hiki?"

"Mara nane, tangu nilipoivunja baraza," nikasema.

"Hapana, mwanangu," akaniambia. "N'tasimama."