Wembe Kooni mwa Mwenyekiti

Kinyozi wetu wa mtaa wa Small Heath, huku ughaibuni, alikuwa ameshafikisha wembe kooni mwa mteja, na mteja bado anaifokea klabu yake ya mpira.

"Straika hana mkataba na mtu, mwenyewe anataka kuja, na wao eti watakaa kwanza waangalie! Leo kasaini kwingine. Viongozi wale ni wa kufukuzwa wote!"

Mkono wa kinyozi ukasimama. Wembe ukabaki pale pale.

"Mwenyekiti," akasema polepole, maana mteja ndiye mwenyekiti wa kamati ya madrasa yetu, "yule ustadhi aliyeomba kuwafundisha watoto, mlimjibu nini?"

"Kamati bado inamjadili."

"Tangu Ramadhani? Jana amehamia mji wa Leicester. Huko wamempa darasa siku ile ile. Na mwanangu bado hajaimaliza Alhamdu, sura ya kwanza kabisa."

Mwenyekiti hakuthubutu hata kutikisa kichwa. Macho yake yakanitafuta kwenye kioo, nami nimekaa nyuma nikingoja zamu.

Nikajifanya nasoma simu. Msomaji, katibu wa kamati hiyo ni mimi. "Itajadiliwa kikao kijacho" nimeiandika mara tatu, tena kwa mwandiko mzuri kabisa.