Nyasi za Msiba katika Kibanja cha Bibi

Sisi tuliozaliwa Kagera kabla ya vita tulikua katika nyumba zisizo na jalala. Nikiwaambia hivyo wajukuu zangu hapa Rwamishenye wanacheka, wanadhani nawatania, maana kwao hakuna asubuhi isiyo na mfuko wa kutupa. Wenzangu wa rika langu wananielewa. Kwa Bibi yangu Veneranda, kule Ijumbi, Muleba, maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi, na samadi ya mbuzi ikaenda shimoni nyuma ya jiko. Majivu yalimwagwa kwenye mashina ya migomba kuzuia fukusi, wadudu wanaoyatoboa. Maji ya kuoshea vyombo yaliishia kwenye mboga. Hata nyasi zilizotandikwa sakafuni, zikishachakaa, zilifagiliwa zikapelekwa kibanjani, kule kwenye migomba na kahawa iliyoizunguka nyumba pande zote. Halafu tukaenda rweya, ule uwanda wa nyasi ulio nje ya kijiji, kukata nyingine.

"Ardhi nayo inakula," Bibi alizoea kutuambia. "Mnakula mara mbili kwa siku, yenyewe mnaipa mara ngapi?"

Nyumbani kwetu hasa kulikuwa Hamugembe, mjini Bukoba. Baba alikuwa fundi cherehani, Mama akiuza samaki waliotoka visiwani. Lakini likizo zote mimi na dada yangu Devota, aliyenizidi miaka mitatu, tulipelekwa Ijumbi. Tuliteleza mteremkoni tukiwa tumekalia magome ya migomba mpaka sketi zikatoboka. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, na ukilowa mvua uligeuka jiwe. Msimu wa senene, panzi wale wa kuliwa, tulikimbizana umandeni tukiwa na vikapu, tukarudi miguu imechanika na mikono inanuka kijani. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, na mvuke ule ukikupiga usoni ulisahau kila ulichogombezwa tangu asubuhi. Siku hizi mtoto anapiga picha chakula kwanza, kinapoa, kisha anasema hakina ladha.

Vita vya Kagera vilipokuja sikuwa nimeanza shule. Nakumbuka mizinga kwa mbali, kama radi isiyoleta mvua, na Baba akitupakia juu ya lori la kwenda Muleba kabla hajarudi kujiunga na mgambo. Watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera walipita kijijini wakiwa na magodoro vichwani. Familia tatu zilikaa kwa Bibi. Kibanja kilikatwa mpaka ndizi zisizokomaa, na migomba ikabaki imesimama kama watu walionyang'anywa mizigo. Lakini Baba alirudi mzima, majirani waliokwenda vitani wakarudi, na wanaume wakaingia rweya na mundu zao. Ndani ya mwaka mmoja usingejua kwamba palipita njaa. Ndivyo nilivyoamini, kwamba kibanja hakifi.

Ugonjwa ulikuja bila mzinga. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Baadaye hata jina likaogopwa. Mtu alikuwa "anaumwa", basi, na wote mlielewa. Baba alianza kupunguza suruali zake mwenyewe kwa cherehani yake, kwanza kiunoni, halafu mapajani. Mimi nilikuwa darasa la tano tulipomzika Ijumbi, katikati ya migomba, kama walivyozikwa baba zake. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha. Sisi wawili tukahamia kwa Bibi moja kwa moja, na safari hii haikuwa likizo.

Kibanja nilichokikuta sikukijua. Wale wanaume wa mundu, nusu yao walikuwa wamekufa na wengine walikuwa wamelala ndani. Zaidi ya hapo kulikuwa na desturi: kukiwa na msiba jirani, jembe haliguswi mpaka matanga yaanuliwe. Zamani hiyo ilikuwa siku chache kwa mwaka. Miaka ile msiba mmoja ulikuwa haujaanuliwa na mwingine unalia ng'ambo ya njia. Palizi ilipita, mvua ikapita. Udongo ulibaki uchi, ukaoshwa. Fukusi waliingia kwenye mashina, na upepo mdogo tu ulilaza migomba chini.

Siku ya kuanua matanga ya Mama, wazee wa ukoo walikaa uani. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa baba yetu mdogo, Projestus, mtoto wa mwisho wa Bibi. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watoto wake na mke anayekohoa.

"Mae," alimwambia mama yake, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, "kibanja hiki alichoachiwa marehemu kaka kimekuwa pori. Hawa ni wasichana, kesho wataolewa. Tumpe mtu wa ukoo mwenye nguvu akiokoe."

"Na sisi tutakaa wapi?"

"Utakaa kwangu. Na wao tutawagawana."

Neno lile, tutawagawana, lilinifanya nimshike Devota kanga. Bibi hakulia. Aliuliza, "Tatizo ni wasichana au ni pori?"

Wazee walitazamana. Mmoja alisema, "Ni pori."

"Basi nipeni mpaka masika ya pili. Mkikuta bado ni pori, tugawaneni sote watatu."

Walikubali, nadhani kwa huruma tu. Nani angemkatia nyasi ajuza mwenye mgongo uliopinda?

Asubuhi yake wanawake walikuja kusafisha nyumba. Katika misiba yetu nyasi hutandikwa tele, ndani na nje, kwa sababu waombolezaji hulala juu yake siku zote za matanga. Walizikusanya uani, rundo lililofika dirishani, na mmoja akaleta kijinga cha moto. Zamani nyasi hizo zilitupwa kando. Tangu ugonjwa uanze, watu waliona heri wazichome.

"Zima moto," Bibi alisema.

"Bibi Veneranda, hizi ni nyasi za msiba!"

"Nazijua. Nyasi za nyumba hii nimezipeleka kwenye migomba tangu siku niliyoletwa kuolewa. Hizi zina tofauti gani? Zimelaliwa na watu waliokuja kutusaidia kulia."

Wanawake wakaondoka wakinong'ona. Devota alikuwa na umri wa kuogopa kwa sauti. "Bibi, na ugonjwa?"

Bibi hakujibu kwa kukisia. Alijifunga kanga, akatembea mpaka zahanati, akamuuliza nesi. Alirudi jua likiwa utosini. "Nesi kasema hauambukizwi kwa nyasi, wala kwa kulala karibu, wala kwa kushikana mikono. Kanieleza na njia zake. Kaeni hapa niwaeleze." Akatueleza yote, waziwazi, mwanamke ambaye hakuwahi kutamka maneno hayo maishani mwake, huku anachambua nyasi na macho yake yametazama chini. Kisha tukabeba.

Rundo lile lilifunika migomba iliyozunguka makaburi ya Baba na Mama, na halikutosha kwa mingine. Ndipo Bibi alipoanza kuomba. Kila matanga yalipoanuliwa kijijini, tulifika siku iliyofuata, tukapiga magoti, tukatoa pole, kisha Bibi akaomba nyasi. Nyumba nyingine zilitufukuza. Walisema anakusanya vifo vya watu avipande kwake. Shuleni nilipewa jina, Nyasi za Msiba, na hakuna aliyekubali kukaa nami dawati moja. Devota alimpiga msichana mmoja kwa ajili hiyo, akachapwa viboko mstarini. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba yeye habebi tena.

Bibi alisokota ngata ya kichwani. "Usibebe, mwana wange. Nitabeba mimi." Akajitwisha mzigo, akaanza kushuka mteremko akishika magoti. Hakufika mbali. Devota alimkimbilia, akaunyakua ule mzigo huku analia kwa hasira, na toka siku hiyo sikumsikia akilalamika.

Nyumba moja siwezi kuisahau. Mama wa pale alikuwa amemzika binti yake wa pekee. Tulitarajia matusi. Yeye alisimama mlangoni akasikiliza ombi la Bibi mpaka mwisho, kisha akainama akaanza kutufungia mafurushi kwa mikono yake.

"Hizi za chini mwanangu alizilalia siku zake za mwisho," alisema. "Alikuwa anasema zinanukia vizuri. Waitu, nawaomba, zipelekeni mahali patakapoota kitu."

Aliniinulia furushi kichwani, akaninyoosha shingo isije ikateguka, akanipangusa usoni. Njia nzima nilisikia harufu ya nyasi kavu na moshi, na kwa mara ya kwanza tangu Mama afe nililia nisijifiche.

Nyasi peke yake hazikutosha. Tulipasua magogo ya migomba iliyoanguka, vipande vyembamba, ili fukusi wasipate pa kuzalia. Tulipunguza machipukizi, tukaacha migomba mitatu kila shina, mama, mtoto na mjukuu, kama Bibi alivyotaka. Shimo la nyuma ya jiko lilipojaa tulichimba la pili. Devota alichimba makinga maji kukata mteremko, akayajazia majani ya mgomba, na mvua zilipokuja maji yalisimama, yakanywewa palepale. Zamani hizo hakuna aliyetuambia kwamba tunahifadhi mazingira. Tulikuwa tunahifadhi mahali pa kulala.

Masika ya pili Baba mdogo alikuja peke yake. Nilimwona akipanda njia akipumzika kila hatua chache, koti limemzidi mabega, nikajua. Bibi naye alijua. Aliweka mkono mdomoni, akauondoa haraka kabla hajafika.

Hakuingia ndani. Alipita kati ya migomba akiinua kichwa. Mikungu ilikuwa imeegemezwa kwa nguzo, mingine mpaka nguzo mbili. Alifika kwenye kaburi la kaka yake, akafunua matandazo kwa ncha ya fimbo. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na nyungunyungu walikuwa wanajipindua. Alikaa chini palepale.

"Mae, mlipata wapi nyasi zote hizi?"

"Kwenye misiba. Hukusikia?"

"Nilisikia. Nilikuwa wa kwanza kusema umechanganyikiwa."

"Najua."

Alijiinua kwa fimbo yake. Kisha alimwita Devota akamwomba fimbo za mramula, mti tunaopanda mipakani. Walizunguka kibanja chote, Devota akipanda na yeye akionyesha, na kila penye kona aliita jirani ashuhudie. Jumapili baada ya misa aliwaambia wazee, mbele ya watu, kwamba kibanja kile kina wenyewe nao ni wale wasichana, na atakayewasumbua asije msibani kwake.

Mke wake alikufa mwezi uliofuata. Siku ya kuanua matanga tulisita kwenda kuomba. Hatukuhitaji kwenda. Tulimwona Baba mdogo mwenyewe akishuka na furushi begani, dogo, kiasi alichoweza, na wanawe nyuma yake na mengine. Aliliweka miguuni pa Bibi, akapiga magoti, naye Bibi akamshika kichwa kama mtoto mchanga. Baba mdogo tulimzika kabla ya msimu wa senene. Nyasi za matanga yake tulizibeba kijiji kizima, hata wale walionipa jina.

Bibi aliishi mpaka akaona mjukuu wa Devota. Devota hakuondoka Ijumbi. Mimi niliolewa mjini, nikafanya kazi, nikastaafu, na kwenye kiwanja changu hiki cha Rwamishenye nina shimo la mboji na migomba saba ambayo majirani waliosakafia nyua zao kwa zege huisifia, kisha wananiuliza dawa gani nanyunyizia. Vijana wamepelekwa semina za kilimo hai, wamepewa fulana na vyeti. Mmoja alinieleza maana ya matandazo kwa picha za kompyuta, akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa, mwanangu, asante.

Sitaki kudanganya kwamba enzi zetu zilikuwa njema. Siku hizi dawa zipo, na mtu anazeeka na virusi vyake akilea wajukuu. Wangezipata wale wa kwetu, ningetoa migomba yote. Lakini mwaka jana nilikwenda Ijumbi kumzika jirani, mzee aliyeshiba miaka. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa. Hakuna aliyelala. Jioni watu walipanda magari wakaondoka, na uani zikabaki chupa, mamia, zikibingirika mpaka kwenye mashina ya migomba.

Devota, na magoti yake mabovu, alianza kuziokota. Kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua alimwambia kwa heshima, "Acha, Bibi, tutazichoma."

Devota alinyoosha mgongo akamtazama, akatazama na ile chupa mkononi mwake. Nilidhani atamgombeza. Alimuuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Nyinyi mkija kulia siku hizi, mnaacha nini?"

Kijana alivua miwani yake. Aliinama akaanza kuokota naye, na giza lilipoingia walikuwa hawajafika hata nusu.